Methali Zetu, na Ile Moja Tuliyoikataa

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanachama wa tawi na ndugu mmoja wa kazi ya njia ya reli)



Katibu alipotutaka tuje kusema mbele yenu, tulimwuliza: tuseme habari gani? Maana sisi si watu wa elimu kubwa. Tulisoma shule ya msingi ya misheni, tukatoka na Kiswahili, hesabu kidogo, na mwandiko unaosomeka. Tangu hapo shule yetu imekuwa reli, mataruma na kokoto. Katibu akacheka, akajibu: “Semeni zile methali zenu mnazotupiana kazini kutwa.” Basi, ndugu, hiyo ndiyo habari yetu ya leo. Tutaanza kwa kicheko, lakini hatutamaliza kwa kicheko, na sababu yake mtaiona.

Katika genge letu ni desturi kwamba siku haipiti bila methali. Asubuhi, jua halijatoka, mtu akichelewa kufika na sepetu yake, hakuna anayemtukana. Mmoja husema tu, “Chelewa chelewa,” na wengine humalizia kwa sauti moja, “utakuta mwana si wako!” Aliyechelewa hucheka, na kesho hufika mapema. Mnyapara akimfokea mtu yule yule kwa maneno makali, mtu hununa kutwa, na kazi haiendi. Methali imemkanya bila kumvunjia heshima, kwa kuwa si sisi tuliosema, ni wazee.

Kadhalika gari la mizigo likichelewa saa tatu, na abiria wa gari linalosubiri njia wanatutazama sisi kama kwamba tumeificha injini mifukoni mwetu, ndugu mmoja huwaambia kwa upole, “Haraka haraka haina baraka.” Siku moja mama mmoja mwenye kuku watatu kapuni alimjibu, “Baba, hata polepole yenu haina baraka, maana kuku wangu wanataka maji.” Tulikosa la kusema. Tukamletea maji ya kuku.

Na ipo ile methali isemayo mchumia juani hulia kivulini. Mwalimu wetu wa shule alikuwa akiandika methali moja ubaoni kila Jumatatu, na hiyo aliipenda sana. Tulipoingia kazi ya njia tuliichunguza upya. Mzee mmoja wa genge, aliyekuwa akikaribia kustaafu, alituambia: “Vijana, methali hii ni kweli, ila haikutaja majina. Sisi twachuma juani. Anayelia kivulini ni mwingine.” Genge zima liliweka nyundo chini kwa kucheka. Lakini usiku, kila mmoja landini mwake, alilifikiri neno hilo. Mzee alikuwa ametufundisha habari ya mshahara na faida kuliko tulivyofundishwa na mtu ye yote, naye hakuwahi kufungua kitabu cha habari hizo.

Hata nyumbani methali hutufuata. Mwajua wenyewe jinsi wake zetu wanavyosema kwa kanga. Tangu zamani kanga ni nguo na barua pia. Kule Mombasa, Kaderdina Hajee Essak alifungua duka lake mwaka 1887, na kanga zenye alama ya “Mali ya Abdulla” zikasifiwa pwani nzima. Hapo kwanza maneno ya kanga yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye yakaandikwa kwa herufi hizi tunazosoma sisi. Basi ndugu mmoja kati yetu, siku ya mshahara, alipitia mahali asipopaswa kupitia, akafika nyumbani usiku na mfuko mwepesi. Mkewe hakusema neno. Asubuhi alianika kanga yake mbele ya mlango, mahali ambapo landi nzima hupita kwenda mferejini, nayo ilisema, “Akiba haiozi.” Kanga ile ilikauka saa nne, lakini iliachwa pale mpaka jioni. Mwezi uliofuata ndugu yetu alifika nyumbani mchana kweupe.

Ndugu, msidhani kuwa hii ni michezo ya watu wasio na kazi. Wako watu walioona zamani kwamba maneno haya ni mali. Mwaka 1891 mmisionari mmoja Mwingereza aliyekaa Mombasa, W. E. Taylor, alichapisha kitabu cha methali za Kiswahili. Mwaka 1958 S. S. Farsi wa Unguja akatoa kitabu chake cha misemo ya Waswahili. Watu hao walikusanya kutoka vinywani mwa watu kama sisi: wavuvi, wakulima, mabaharia, mama sokoni. Basi tusizidharau methali. Lakini pia tusiziabudu. Hapo ndipo tunapotaka kusimama kidogo.

Methali ni kama panga. Panga halijui linamfyekea nani. Ukitazama sana utaona ya kuwa karibu kila methali ina mwenzake anayeipinga. Mmoja asema subira huvuta heri. Mwingine asema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mmoja asema umoja ni nguvu. Mwingine asema mtumai cha nduguye hufa maskini. Wazee hawakukosea. Walijua ya kuwa mambo hayafanani, na neno linalofaa leo huenda lisifae kesho. Kazi ya mwenye akili ni kuuliza: nani ananiambia methali hii, wakati gani, na kwa sababu gani?

Tulijifunza jambo hili mwaka fulani ambapo malipo yetu ya saa za ziada yalikawia miezi minne. Tulituma watu watatu kwa bwana mmoja mkubwa. Akawapokea vizuri, akawapa viti, akasema kwa Kiswahili safi, “Ndugu zangu, mvumilivu hula mbivu.” Watu wetu walitoka wakitabasamu. Walipofika kwa wenzao wakaulizwa, “Mmeleta nini?” Wakajibu, “Tumeletewa methali.” Mwenzetu mmoja, mwenye watoto watano shuleni, akasema, “Basi mimi nitaipeleka methali hiyo kwa mwalimu mkuu, nione kama ataipokea kuwa karo.”

Tulicheka, lakini safari ya pili tulijiandaa. Watu wetu waliporudi, yule bwana alifungua kinywa, na kabla hajasema, mzee wetu akamwambia kwa heshima, “Bwana, leo sisi tumekuja na yetu: mwenye shibe hamjui mwenye njaa.” Kisha akaweka mezani karatasi yenye majina, tarehe, na saa za ziada za kila mtu. Hapo mazungumzo yakawa ya karatasi, si ya methali tena. Fedha zililipwa kwa mafungu mawili. Ndugu, kumbukeni mambo yote mawili. Methali ilifungua mlango, karatasi ndiyo iliyoingia. Wazee wenyewe walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa twafika kwenye neno lililotufanya tukubali kusimama hapa.

Wengi wenu mwamjua ndugu yetu aliyekuwa shanta, ambaye sasa ni mtu wa ofisini. Hatutamtaja jina, mwenyewe ameturuhusu kusema habari zake, lakini jina ni lake. Ulikuwa usiku wa mvua. Alikuwa katika kazi ya kufunga mabehewa, na taa yake ya mkononi ilikuwa mbovu. Iliwaka ikazima, ikawaka ikazima. Alimpa dereva ishara ya kusimama, taa ikazima katikati ya ishara. Dereva hakuona. Mabehewa yakarudi nyuma nusu hatua tu. Nusu hatua ya behewa yatosha. Ndugu yetu aliacha pale vidole vitatu vya mkono wa kuume.

Tulikwenda kumtazama hospitalini. Tulibeba machungwa na maziwa. Tukakaa pembeni mwa kitanda, na kila mmoja wetu alipokosa la kusema alisema, “Pole ndugu, ajali haina kinga.” Mnyapara alifika akasema vivyo hivyo. Karani akafika na karatasi yake, akaandika kwamba ilikuwa bahati mbaya, akafunga kalamu, naye akasema, “Ajali haina kinga.” Twawaambia kweli, tuliisema methali hiyo kwa huruma. Hatukuwa na nia mbaya.

Yule mgonjwa alinyamaza kimya mpaka karani alipotoka. Kisha akatuuliza swali moja: “Je, taa nzima bei yake ni kiasi gani?”

Hakuna aliyejibu. Kwa kuwa wote tulijua habari ya taa ile. Tangu mwezi uliotangulia taa ilikuwa mbovu. Yeye alisema mara moja, mwenzake wa zamu alisema mara mbili. Waliambiwa wangojee, nao wakangojea. Na sisi wengine tuliiona taa ile kila zamu tukaifanyia mzaha, tukaipa jina, tukaiita “kimulimuli.” Ndugu, mzaha ni mzuri, lakini siku ile tuliona aibu. Tulikuwa tumecheka na kitu ambacho kilipasa kutukasirisha.

Akasema tena, “Kama taa nzima ingalikuwapo, vidole vyangu vingalikuwapo. Basi kinga ilikuwako. Msiniambie tena methali hiyo.”

Tangu siku hiyo, katika genge letu, methali hiyo tumeikataa. Hatusemi kwamba wazee walikuwa waongo. Mtu aweza kuangukiwa na tawi la mti akiwa amekaa chini kwa amani, na hapo yafaa kusema ajali haina kinga, ili aliyepatwa asijilaumu. Hilo ni neno la kufariji mtu. Lakini halifai kuandikwa katika ripoti. Taa mbovu si tawi la mti. Taruma lililooza si radhi ya mababu. Kamba iliyochakaa si nyota mbaya. Kwa mambo hayo tunayo methali nyingine, nayo tumeiandika kwa chaki juu ya mlango wa banda la vyombo: “Usipoziba ufa, utajenga ukuta.” Mnyapara mpya alipofika alitaka ifutwe. Tulimwuliza ni neno gani ndani yake lisilo kweli. Akaiacha.

Tazameni nyuma, ndugu. Reli hii ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na ziwani Kisumu mwaka 1901. Wafanyi kazi waliotolewa Bara Hindi kuijenga walikuwa karibu 32,000, na katika hao waliokufa walikuwa karibu 2,500. Watoto wetu shuleni husoma habari za simba wa Tsavo mwaka 1898, kwa sababu simba ni hadithi nzuri. Lakini simba walikula wachache tu katika hesabu hiyo. Magonjwa na ajali ndizo zilizoua wengi, na hizo hazipewi hadithi. Waliokufa wakiandikwa kuwa bahati mbaya tu, hakuna anayeuliza bei ya taa.

Siku hizi hatuna haja ya kutegemea huruma peke yake. Mwaka 2007 zilitungwa sheria mbili ambazo kila mwanachama yampasa kuzijua kama ajuavyo namba yake ya kazi. Moja ni ya usalama na afya mahali pa kazi. Hiyo yasema kwamba mahali penye wafanyi kazi 20 au zaidi sharti pawe na kamati ya usalama. Ya pili ni ya malipo kwa mtu aliyeumia kazini. Na katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanyi kazi haki ya kuingia katika chama na kushiriki kazi zake. Ndugu yetu alilipwa kwa njia hiyo. Haikuwa rahisi, ilichukua miezi mingi, na vidole havikurudi. Lakini alilipwa kwa sababu mwenzake wa zamu alikuwa na daftari ndogo, ameandika tarehe tatu ambazo habari ya taa ilipelekwa. Daftari ya shilingi chache! Na baada ya hapo taa mpya zilikuja kwa zamu zote. Sisi twasema zilikuja kwa bei ya vidole vitatu, na bei hiyo ni ghali mno.

Labda mmoja atasema, “Haya ni mambo ya maneno tu, na maneno hayajengi nyumba.” Twamjibu kwa habari za Mombasa. Mwezi wa Januari mwaka 1947, tangu tarehe 13 mpaka 24, wafanyi kazi wapata 15,000 wa bandari, wa reli na wa kazi nyingine waliweka kazi chini kwa sababu ya mshahara na ugumu wa maisha. Walikuwa wakikusanyika kila siku katika uwanja mmoja. Je, waliuitaje? Waliuita Kiwanja cha Maskini. Hawakuona haya kwa jina hilo. Waliyachukua maneno ambayo wengine wangaliyatumia kuwadharau, wakayafanya bendera yao. Chama chao kikaongozwa na Chege Kibachia, ambaye mwaka huo huo alikamatwa na serikali ya kikoloni, akapelekwa mbali na watu wake. Lakini mishahara ilichunguzwa, ikaongezwa. Basi neno likiwa ndani ya umoja hupata mikono na miguu.

Ndugu wanachama, tusichoshane. Tuna maombi matatu.

La kwanza, kila genge na kila zamu iwe na daftari ya methali na ya makosa. Upande mmoja andikeni methali nzuri mliyoisikia, na iliyowachekesha, na aliyeisema. Upande wa pili andikeni kila chombo kibovu, tarehe, na jina la mtu aliyeambiwa. Upande wa kwanza utawapa moyo, upande wa pili utawapa ushahidi. Kamwe msiandike mmoja mkaacha mwingine. Genge lisilocheka huchoka upesi, na genge linalocheka tu huumia upesi.

La pili, tukisikia methali kutoka kwa mkubwa, tusiipokee kama posho. Tuishukuru, kisha tuulize swali: kwa hiyo taa zaja lini? Fedha zaja lini? Na tukisikia methali kutoka kwa mwenzetu anayekataa kutoa ada ya chama, tufanye vivyo hivyo. Yuko ndugu mmoja aliyetuambia bandu bandu huisha gogo, akiogopa kwamba mshahara wake utakwisha kwa mchango wa kila mwezi. Tulimjibu kwamba haba na haba hujaza kibaba. Tukabishana hivyo mpaka chakula cha mchana kikapoa. Mwisho tulimpeleka kwa yule ndugu asiye na vidole, akamweleza ni nani aliyemwandikia barua zake zote kwa muda wa miezi ile. Ndugu yule akatia sahihi siku ile ile. Methali hazikumshinda, alishindwa na mkono ule.

La tatu, katika mkutano ujao kamati ya usalama ichaguliwe mahali po pote ambapo haipo, na wachaguliwe watu wasioogopa kuonekana wasumbufu. Debe tupu haliachi kuvuma, ni kweli, nasi twawajua madebe yetu. Lakini kimya nacho si dalili ya kujaa. Taa ile mbovu haikupiga kelele.

Mwalimu wetu wa zamani, yule wa methali za Jumatatu, alikuwa akituambia tuziandike kwa mwandiko mzuri ili tuzikumbuke. Tumezikumbuka. Laiti angalitufundisha pia kuzijibu. Lakini hilo tumefundishwa na reli.

Tukitoka hapa, ndugu, zamu ya usiku yaingia saa mbili. Kabla hamjashika kazi, washeni taa zenu, mzitikise. Ikizima, msiipe jina. Iandikeni.